Tarumbeta Kwenye Lango la Mashariki

Jumatatu, 8 Novemba

Imebaki mechi moja. Nimepata wazo.

Timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Corvell ilishushwa daraja nikiwa mdogo. Si kwa kufungwa. Kwa viti vitupu. Wakuu wa ligi wanataka uwanja ujae, nao humhesabu kila anayepita kwenye malango ya chuma yanayozunguka. Watu wa mji huu wanaipenda timu kufa. Ila hawaingii. Kila Jumamosi wanajazana kwenye maegesho, wanachoma soseji nyuma ya magari, wanasikiliza redioni mechi inayochezwa ng'ambo ya ukuta. Jumamosi hii uwanja ukijaa, tunarudi juu. Usipojaa, maombi yetu ya kupandishwa yanatupwa.

Nimeanza na Babu Verlin, kwa sababu yeye simwonei haya. Babu aliichezea Corvell enzi za kofia za ngozi. Siku tuliposhushwa aliapa hatakanyaga uwanjani mpaka turudi. Nimemweleza kwa upole kwamba haturudi mpaka watu kama yeye wakanyage. Akageuza soseji. Akasema hilo ni tatizo lao, si lake.

Mantiki imeshindwa. Natumia hila.

Jumatano, 10 Novemba

Hila ndogo: nimetoa betri kwenye redio ya Babu, nimezificha ndani ya soksi. Bila redio ataingia tu.

Hila kubwa: Siku ya Bendi. Tualike bendi za shule zote za wilaya. Kila mtoto ataleta wazazi, shangazi, na jirani mwenye gari. Nilishindwa kumwambia mwalimu wetu wa muziki, Bwana Ruppert, ana kwa ana. Nikaliandika wazo ubaoni wakati darasani hamna mtu, nikakimbia. Alilisoma, akaenda kupiga simu.

Kufikia saa ya chakula Kermit Stucky, mpiga ngoma wa bendi yetu ya shule, alikuwa ameshawaambia wote kwamba wazo ni lake. Nilitaka kubisha. Nikakohoa.

Ijumaa, 12 Novemba

Shule zote zimekubali. Hata Pike Hollow, ambao hatusalimiani nao.

Kermit anapongezwa kila kona. Alinipita akasema, "Na wewe Profesa, usituangushe. Kazi yako ni kubeba hilo bomba tu." Bomba analosema ni tarumbeta langu kubwa, lile la kuvaa mwilini. Jibu lilinijia mezani wakati wa chakula cha jioni. Zuri mno. Nikamwambia Mama. Mama akasema limechelewa, lakini zuri.

Kisha akaniuliza kama najua kwa nini Babu haingii. Nikasema kiapo. Akasema Bibi Ilse alikaa kando ya Babu kwenye kila mechi, upande wa mashariki, akafariki majira yaleyale ya baridi tuliposhushwa. Kiapo, alisema, kilimpa Babu sababu ya kuwaambia watu.

Nimerudisha betri.

Jumamosi, 13 Novemba

Baridi ya kukata masikio. Bendi zilipita mjini zikipiga, wazazi nyuma yao wamebeba makoti, na wachomaji nyama wengi wakaziacha soseji na kufuata. Wote wakaingia. Uwanja ukajaa mpaka ngazini. Sijawahi kuuona hivyo. Nilikaribia kulia ndani ya tarumbeta.

Ndipo nikatazama malango ya chuma. Hamna mtu anayepita. Mhesabu watu anakula donati.

Bendi huingia kwa lango kubwa la malori. Imekuwa hivyo tangu chuo kianze, na mji mzima ulikuwa umefuata bendi. Hakuna aliyefikiri jambo hilo, wa kwanza mimi. Tulikuwa tumejaza uwanja kwa watu ambao hawapo.

Kupiga kelele siwezi. Nikaamua kuonyesha mfano: nitoke, nipite lango la chuma la mashariki, nihesabiwe, wengine wafuate. Nikatoka. Nikasukuma. Tarumbeta likakwama, nami ndani yake. Mbele hapaendeki, nyuma hapaendeki. Hakuna aliyefuata.

Babu alikuwa karibu, kwenye maegesho, peke yake na redio yake. Akaja na kopo la mafuta ya kukaangia. Akauliza, "We mtoto, nani kakutuma?" Nikasema nilikuwa natafuta kuhesabiwa. Akalipaka tarumbeta mafuta, akanipaka na mimi, akaniambia nitoe pumzi, akasukuma kwa bega kama enzi zake. Lango likatutema ndani, mimi kwanza, yeye juu yangu. Mhesabu watu akabonyeza mara mbili bila kuacha donati.

Yale malango hayazunguki kurudi nyuma.

Babu alisimama na kopo lake, akautazama uwanja muda mrefu. Akavua kofia. Akasema nyasi za zamani zilikuwa bora. Kisha akaniongoza hadi kwenye safu moja ya viti bila kumwuliza mtu njia, akaketi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake. Sikuwa na pa kuweka tarumbeta. Nikaliweka hapo kabla sijafikiri.

Akalitazama. "Bibi yako alikuwa mwembamba kuliko huyu," akasema. "Ila kelele alimshinda."

Tulifungwa vibaya. Babu alipiga makofi mpaka mwisho.

Jumapili, 14 Novemba

Redio imetangaza. Kwa hesabu rasmi, jana uwanja ulikuwa mtupu kuliko siku yoyote msimu huu. Maombi yametupwa. Kermit sasa anamwambia kila mtu kwamba Siku ya Bendi ilikuwa wazo langu.

Babu amekuja kunywa kahawa. Amesema mwakani ataingia, timu iwe daraja lolote, mradi nikae naye. Nimesema ndiyo. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Lakini nimefikiri. Tarumbeta lilipita. Basi kila chombo kitapita kikishikwa kiubavu. Mwakani bendi zote ziingie kwa lango la mashariki, mmoja mmoja. Kilichobaki ni majaribio, na mlango wa stoo jikoni una upana uleule. Nimejaribu bila mafuta, ili matokeo yaaminike.

Naandika haya nikiwa mlangoni. Mguu mmoja uko stoo. Mama amekataa kuuliza chochote. Babu ameenda garini kuchukua kopo, na namsikia huko nje anaimba wimbo wa chuo.