Mabamba Yaliyonenepa

Jumatatu, 3 Machi
Nimetumwa kupima unene wa mabamba ya chuma ya meli kuukuu. Pointi mia nne! Vipimo viingizwe kwenye programu ya kompyuta, nayo iseme kama meli itahimili mawimbi. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye mpishi humo. Kaniuliza kama asafiri. Nimemwapia kwamba ni imara. Ndani ya tangi la meli kuna giza, tope na joto. Nimepima pointi kumi na mbili, zilizobaki nimezikadiria nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Akili ni mali!

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Programu inasema meli ina nguvu kuliko siku ilipoundwa. Mabamba yalikuwa milimita kumi na mbili yakiwa mapya. Mimi niliandika kumi na nne. Bi Kikokotoo, mwenye kuendesha programu, kauliza kama chuma hicho kinanyweshwa uji. Mwanamke yule hanipendi. Bosi kanipa hadi Alhamisi, la sivyo kibali changu cha upimaji kinafutwa. Nimekwisha.

Jumatano, 5 Machi
Nimepunguza milimita kumi kila pointi. Tangini sikurudi, ya nini? Programu sasa inasema meli ilishakatika vipande viwili. Nimechungulia dirishani. Ipo, inaelea. Bi Kikokotoo kanipa pole ya msiba.
Nyumbani mke kauliza kama kaka yake atarudi salama. Nimesema ndiyo.

Alhamisi, 6 Machi
Bi Kikokotoo kanifuata tangini na nyundo. Kagonga ukuta mara moja tu, nyundo ikapenya. Kupitia tundu nikaona jikoni. Shemeji, mwiko mkononi, kainama, kanisalimu kwa heshima, kisha kauliza kama huu ni mmoja wa zile kuta nilizomwapia. Nimelia ndani ya barakoa, miwani ikaingia ukungu.

Ijumaa, 7 Machi
Safari imeahirishwa, ukuta unazibwa. Bosi kanihurumia: nipime upya pointi zote, na kila moja niipigie picha, kifaa kikiwa juu ya bamba na tarakimu zikionekana. Picha mia nne! Maisha haya yamenichosha.
Lakini karibu na ngazi kuna bamba moja zuri, lina upepo na mwanga. Nimelipiga picha mia nne, nyingine nimezipindua zisifanane. Shemeji kauliza kama sasa asafiri. Nimemwapia.