Vita vya Kapu la Maharage

Enyi wenye masikio, sogeeni. Na aliyeacha sufuria motoni akaiepue kwanza, kwa maana habari hii ni nzito na haitaki mtu wa kunyanyuka katikati. Nawasimulia siku Fundi Cherehani, Bwana wa Mikasi, Mtiishaji wa Zipu Zilizokwama, aliposimama peke yake kuyalinda maharage. Niliyaona kwa macho yangu, maana nilikuwa nimefuata suruali yangu, nayo haikuwa tayari.

Asubuhi ile gesi ilikata roho mara tu maharage yalipokwisha kuchemka vizuri ila hayajaiva, na Mama Mkwe alikuwa njiani kuja kula mchana. Wengine wangekimbia kukopa mkaa, Fundi hakukimbia. Alikuwa na kapu kuukuu alilolishindilia vipande vya nguo vilivyobaki kazini, vile ambavyo mkewe alivilaani kila alipofagia, pakabaki shimo la kutosha sufuria moja. Akaizika humo ikiwa bado inatokota, akaifunika kwa mto mnene, akanena:

"Mke wangu, joto sasa ni mateka wetu. Likikaa humo mpaka mchana litatutumikia bila mshahara. Ila asifunue mtu, hata kwa kuchungulia, maana litatoroka lote."

"Mimi sina neno," akajibu mkewe. "Ila mama akikuta maharage mabichi, hilo kapu linakwenda jalalani leo leo, na matambara yako yote. Na utamweleza wewe."

Basi Fundi akaweka kigoda mbele ya kapu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kama nishani, akaketi. Akaja jirani wa mlango wa pili, Jemadari wa Umbeya, eti anaomba chumvi, macho yote kapuni. Akapewa chumvi na kusindikizwa. Akaja adui mkali zaidi, nao ni mkono wa Fundi mwenyewe, uliokuwa ukiutambalia ule mto taratibu. Akaukalia mkono huo. Nilimwonea huruma kweli.

Kisha Mama Mkwe akaingia, kabla ya wakati, akalitazama jiko lililopoa.

"Hapa leo hakupikwi?"

"Kunapikwa, mama. Kwenye kapu."

"Kwenye kapu," akasema Mama Mkwe, akainama, akaunyooshea mto mkono.

Fundi, ambaye tangu aoe hakuwahi kumkatalia mwanamke huyo jambo lolote, akasimama kati yake na kapu. "Mama, nakuheshimu kuliko wote walio hai. Niite mvivu, niite mwehu, nitaitika. Lakini hapo usifunue. Saa yake haijafika."

Mkewe akajishika kichwa. Mimi nikatazama ukuta. Mama Mkwe akamkagua toka miguuni hadi utosini, kisha akavuta kiti, akakaa.

Mchana ulipotimia mto ukainuliwa, na mvuke ukapanda mpaka darini. Mkewe akachukua haragwe moja, akalibonyeza kwa vidole, likapondeka. Akaenda kuleta sahani, zile za wageni.

Mama Mkwe akala bila kuinua uso. Alipomaliza akamgeukia bintiye.

"Miaka yote hii nakuuliza ulimpendea nini." Akaisukuma sahani mbele ya Fundi. "Niongezee, mwanangu."

Andikeni, enyi waandishi wa tarehe, wala msipunguze neno: Fundi Cherehani akashika upawa, akapakua mpaka mchuzi ukamwagika mezani, na hakuna aliyemsema.