Neno Lililonimwagia Mchuzi Kichwani

Ndugu Mhariri wa Safu ya Lugha,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia nikiwa bado na mchuzi wa nyama masikioni.

1. Uliandika kwamba Mwingereza mwenye adabu hasemi "homey", hilo ni la Wamarekani, husema "homely". Nikakuamini. Juzi, katika sherehe ya kuzaliwa ya Bi Lorraine Pruitt, mjane kutoka Ohio, Marekani, ambaye kwa miaka mitatu amenilisha kila Jumapili, nilisimama, nikagonga glasi, nikatangaza kwamba hapa kwetu Skelby, Uingereza, hakuna mwanamke "homely" kama yeye. Nilimaanisha kwamba ukikaa naye unajisikia uko kwako. Kumbe kwao Ohio maana yake ni mwenye sura mbaya! Mbona hilo hukuliandika?

2. Bakuli zima la mchuzi likanishukia kichwani. "Toka, Clifford! Toka kabla sijachukua viazi!" Dada yangu Hilda akaninong'oneza, "Kaka, mimi simpendi, lakini hata mimi nisingemwambia hivyo."

3. Nikiwa mlangoni nilimkumbusha Lorraine kwamba naye aliwahi kuiita keki yangu "quite good". Kwetu maana yake ni "nzuri kidogo tu", keki ya kumtupia mbwa, na tangu siku hiyo sijaoka tena. Hilda ananiambia kwamba Wamarekani huisema kwa kusifu. Keki zote nilizoacha kuoka, nani atanilipa?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, uyafute maneno hayo kwenye kamusi zote, uiagize Marekani ichague maana moja na kutulia nayo, kisha Jumapili uje mwenyewe ukae kwenye kiti changu, umwagiwe wewe.

Nisalimie mkeo, wapiga chapa wote, na yule paka wa ofisini kwenu.

Wako mwenye kunuka vitunguu,
Clifford Ormthwaite

Nyongeza: Usiichape barua hii. Lorraine amekuja, ameisoma akiwa amesimama nyuma yangu. "Wee mzee, naishi Uingereza miaka ishirini, unadhani sijui homely ya kwenu? Ulisimama, ukagonga glasi, watu wakanyamaza, nikajua leo ananiposa. Kumbe unasifia starehe, kama vile mimi ni kochi!" Nimemposa hapo hapo, kalamu mkononi. Amejibu "sure". Tafadhali nijulishe upesi: kwa Kimarekani hiyo ni "ndiyo", au ni "haya basi, nitafanyaje"? Bado amesimama hapa, na ameshavua koti.