Malalamiko Kuhusu Kutohesabiwa kwa Bima ya Tambi

Skarvik, Minnesota

Kwa Wakuu wa Utafiti wa Bima ya Afya,
Makao Makuu ya Jimbo.

Waheshimiwa,

Natumaini hamjambo hapo mjini na hita zenu zinafanya kazi. Huku sisi ni wazima, isipokuwa mke wangu Arlys, ambaye vali ya moyo wake imechoka na inangoja kupasuliwa. Lakini siandiki kulalamikia vali. Nalalamikia utafiti wenu.

1. Binti wenu alipiga simu tukiwa mezani, akaniuliza kwa adabu zake kama nyumba hii ina bima ya afya. Nikamjibu bila kusita kwamba tunayo, ya tambi. Akataka kujua ni ya kazini, ya serikali au ya kununua. Nikamwambia ni ya ukumbi wa zimamoto. Basi akaandika hatuna! Jamani, mtu mzima anasema anayo, mtoto wa watu anaandika hana?

2. Gazetini mmetangaza kuwa kaunti yetu imejaa wasio na bima. Mmetuaibisha bure. Huku mtu akiugua, tangazo hubandikwa kituo cha mafuta, Jumamosi tambi huchemshwa kwenye ukumbi wa zimamoto, keki hunadiwa, na mji mzima hulipia sahani na kula mpaka bili ya hospitali ipungue. Nimesema ipungue, sikusema iishe. Msinilishe maneno.

3. Mnadhani bima hii haina ada? Ada yake ni kupendwa. Tangu tuuze ng'ombe na kushindwa kulipia ile bima ya kununua, sijagombana na mtu. Nikiendesha gari nainua kidole kwenye usukani kumsalimu kila ninayepishana naye, maana hujui nani atakuja kula. Arlys ananicheka kuwa siku hizi nasalimia hata vibao vya barabarani. Jirani yetu Delmar Quist hainui kidole, ng'o. Alipovunjika nyonga walikuja watu saba, na wawili walikuwa wamepotea njia.

4. Sasa nasikia takwimu hizo mnawapelekea wabunge wa jimbo ili kila mtu apate bima. Kila mtu! Yaani Delmar atibiwe sawasawa na mimi niliyechoka mashavu kwa kutabasamu? Heshima itabaki wapi? Nani atamsalimu nani?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, utafiti ujao muongeze swali la tambi, nasi tuhesabiwe kuwa tumo. Wataalamu wenye shaka waje Jumamosi hii tunapomchangia Arlys. Waje na njaa.

Nisalimieni wote ofisini, mpaka mfagizi. Yule binti mwambieni sina kinyongo naye, kalelewa vizuri.

Ni mimi, mwenye bima yake,
Vernon Ostby

Nyongeza: Nilichelewa kuposta, na Jumamosi imepita. Watu walifurika, Mungu awabariki, hata Delmar alikuja. Ila nilisahau jambo moja: miaka yote mpishi wa rojo ya tambi ni Arlys. Nilijaribu mwenyewe, ikaungua. Akainuka kwenye kiti cha mgeni wa heshima, akaninyang'anya mwiko, akapika mpaka pumzi zikamkatika mbele ya sufuria. Tulimlaza sakafuni, watu wamesimama na sahani zao mkononi. Yu hai. Alipofumbua macho aliuliza kama wageni wameshiba. Naogopa, waheshimiwa. Andikeni hatuna. Na hiyo bima ya kila mtu, fanyeni hima.