Mlinzi Aliyelala Kwenye Figo

Jumatatu, 3 Juni
Siri nimeipata! Nilikuwa naosha vyupa vya maabara, masikio nimeyatega. Profesa akawaambia wanafunzi kwamba seli za figo zina kipokezi kinachohisi alkali. Ikizidi mwilini, kinashtuka, figo inaimwaga kwenye mkojo. Eti ni mlinzi wa afya. Basi wangu amelala, maana kila asubuhi naamka hoi! Alhamisi tunapimwa afya, mimi na Kipara, mwosha vyupa mwenzangu. Atakayepita anapewa kazi ya stoo. Stoo ina kiti! Mke wangu nimeshamwambia ni changu.

Jumanne, 4 Juni
Mlinzi aliyelala huamshwa na mwizi. Nimempelekea mwizi: magadi ya jikoni, bilauri nzima. Tumbo likavimba. Nikabeua mbele ya mama mkwe. Nikasema ni sayansi. Mke wangu akauliza, kama figo inayatoa, mbona nayaingiza? Swali limenikaa kichwani hadi sasa.

Jumatano, 5 Juni
Nimechukua kikaratasi chekundu cha kupimia alkali. Kwenye mkojo kikageuka buluu! Kipokezi kimeamka! Au kimeshindwa? Buluu ni nzuri au mbaya? Sielewi. Nimeongeza magadi, kwa usalama. Kipara alinikuta chooni nakitazama kikaratasi. Nikamwambia nasoma.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa! Nesi alitazama mkojo, akanitazama mimi, akauliza kama nimekunywa sabuni. Nikaruka kimanga. Akamwita profesa. Profesa akachekelea: figo zangu safi, kipokezi kilikuwa macho tangu mwanzo, kimehangaika kutupa magadi niliyobugia. Nikashangilia. Mapema mno! Nesi akasema mkojo uliochezewa haupokelewi, nirudi wiki ijayo. Stoo haisubiri. Ufunguo kapewa Kipara.

Ijumaa, 7 Juni
Kiti kinazunguka! Kipara anazunguka nacho mchana kutwa. Mke wangu kaishika mikono yangu, kaona imekunjamana kwa maji ya sabuni kama kawaida, kaiachia. Imeniuma sana. Bado kuna nafasi ya getini, nayo ina kiti. Profesa kanisihi nikiache kipokezi kifanye kazi yake kwa amani. Nimemwelewa kabisa. Maskini, kimechoka, kinataka likizo. Hakipendi alkali, basi nitakipa kinyume chake. Nimeshakunywa siki bilauri nzima, na ndimu mfuko mzima zinasubiri. Wiki ijayo nesi ataona mkojo ambao hajawahi kuuona!