Hukumu Imefika Mkuyuni, Ndoo Zimekwisha

Jumapili, 10 Novemba

Nimedhalilishwa. Kamati ya harusi ya mpwa wangu Jovitha imekaa leo baada ya ibada, uani kwa mama yake, dada Getruda, hapa Mkuyuni, na mwenyekiti si mimi. Ni Mwalimu Byabato! Jirani tu! Mstaafu! Mimi ndiye mjomba wa damu. Shemeji alishafariki, nani mwingine wa kusimama? Nikadhani ni utani. Si utani. Ati kwenye harusi ya Machibya hotuba yangu ndiyo iliyofanya wageni wale pilau la baridi. Hotuba ile ilikuwa na mafundisho.

Mimi nimepewa maturubai. Kuhakikisha maturubai yamefika, yamefungwa, hayavuji. Nikatabasamu. Nikasema asanteni kwa kuniamini. Nimerudi nyumbani nikajilaza na suti. Mke wangu Annet akasema Baba Nice, turubai nalo ni kazi, mvua ya Novemba unaijua.

Jumatatu, 11 Novemba

Dukani Mabatini kutwa nzima. Wateja hakuna. Nani ananunua ndoo na beseni katikati ya mwezi? Nikapata nafasi ya kufikiri.

Jumatano ni zamu yangu kuongoza neno kwenye jumuiya. Byabato atakuwepo, mbele kabisa, na miwani yake puani. Mfano wa Msamaria Mwema anaujua. Mwana mpotevu anaujua. Basi nitawapa Ufunuo! Mapanga, mabakuli, tarumbeta, yule joka. Watu wakitetemeka watatafuta mtu wa kuwafafanulia. Watasema, jamani, mtu kama huyu tumemwachia maturubai?

Jumatano, 13 Novemba

Nimeweza! Sebule ya dada Getruda ilijaa hadi mlangoni. Nikaanza polepole. Nikawauliza ziwa limepanda au halijapanda? Limepanda. Wale sangara waliokutwa wanaelea wamekufa kule Nyegezi, mliwaona au hamkuwaona? Tuliwaona. Basi nikafungua sura ya nane, theluthi ya viumbe vya baharini. Bibi mmoja akaanza kuimba pambio peke yake.

Byabato akanyoosha mkono. Akasema kitabu hiki kiliandikiwa makanisa yaliyokuwa yanateswa ili yafarijike, mnyama alikuwa ni utawala wa Rumi, na Bwana mwenyewe alisema siku ile hakuna aijuaye. Nikamjibu hata siku za Nuhu wasomi walikuwepo, na walizama. Watu wakaguna mmmh! Akakaa. Laiti ningekaa na mimi.

Lakini mdomo ulishapata moto. Nikasema, na siku zile za Nuhu watu walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanaoa na kuolewa! Nilikuwa namtazama Byabato, mwenyekiti wa kamati. Watu wote wakageuka wakamtazama Jovitha. Ilibidi nifunge kwa sala haraka.

Alhamisi, 14 Novemba

Dada Getruda amefuta harusi.

Amekuja dukani sijamaliza hata kufungua makufuli. Hakulala, macho yanaonyesha. Akasema yeye hawezi kukutwa anachochea pilau wakati mbingu zinakunjwa. Kama siku ni chache atazitumia kumwandaa mwanawe akutane na Muumba, siyo kuchagua rangi ya vitambaa vya meza.

Hapo hapo ndipo ningesema. Dada, nilichokoza tu. Dada, ni ile kamati. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Yeye akaniwahi. Akasema Florian, kati ya wadogo zangu wote wewe ndiye unayesoma Neno, nisipokusikiliza wewe nimsikilize nani? Na mimi, Mungu anisamehe, nikasikia utamu. Nikamwambia tuliombee jambo hili.

Nimekula chakula cha mchana bila kujua nimekula nini.

Ijumaa, 15 Novemba

Jovitha amekuja dukani. Shikamoo mjomba, kichwa chini. Gauni liko kwa fundi, halijashonwa mikono, mama amemwambia fundi asiendelee. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamuuliza uhakika wa nini, utadhani sijui. Akasema wa mwisho wa dunia, mjomba.

Nikampa beseni. Kwa nini beseni? Sijui! Mkono ulilishika tu. Akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka analia na beseni langu la bluu. Nimeona aibu mpaka masikio yamechemka.

Jioni, nikiwa kwa dada, wazazi wa Nkwabi, bwana harusi, wamempigia simu kutoka Magu. Ni Wasukuma wastaarabu, baba mtu hana neno baya. Aliuliza jambo moja tu. Je, siku mlipopokea ng'ombe wetu hii hukumu ilikuwa haijajulikana? Dada akanipa simu nijibu mimi. Nikasema mtandao unasumbua.

Byabato sasa ni mwenyekiti wa hewa. Nilipanga kufurahi. Nimefurahi kidogo, wakati nakunywa chai, ikaisha.

Jumapili, 17 Novemba

Mwinjilisti Paulo amehubiri leo. Ati hukumu inaanzia ndani ya nyumba ya Mungu, siyo kwa majirani. Kwamba tunapenda kusoma unabii tukitafuta majina ya wengine. Akanitazama. Nikasogea nyuma ya nguzo. Na yeye akasogea! Pengine alikuwa anafuata kivuli, jua lilikuwa linamwingia machoni. Nimetoka jasho hadi soksi.

Nimeshaamua. Harusi lazima irudi, na irudi bila mimi kuonekana mwongo. Nimepata njia nikiwa natoka kanisani. Ishara! Gideoni si aliomba ishara kwa ngozi ya kondoo? Nikaenda kwa dada. Nikamwambia, tarumbeta ya tano inaleta nini? Nzige. Basi, nzige wakija kabla ya Ijumaa, hukumu iko mlangoni. Wasipokuja, Bwana ameongeza muda, Jovitha aolewe kwa amani.

Hesabu safi! Mimi nimeishi kando ya ziwa hili tangu utoto wangu Bukoba hadi uzee huu wa Mwanza. Nzige sijawahi kuwaona, nawasikia redioni tu. Dada akakubali. Akataka niwatangazie jumuiya nzima, nikatangaza. Byabato akauliza nzige wa aina gani. Nikamwambia Mwalimu, nzige ni nzige!

Jumanne, 19 Novemba

Hakuna nzige. Nimeangalia angani asubuhi, mchana na jioni. Ni kunguru tu. Jovitha amenitabasamia dirishani. Fundi ameambiwa ashone mikono, kimyakimya, mama asijue. Mvua imenyesha usiku na mchana. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza.

Alhamisi, 21 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Alfajiri Annet amenivuta shuka. Baba Nice, amka, wameshuka! Nikajua kabla sijauliza. Ukiwa Mhaya hiyo kauli haihitaji tafsiri. Nikatoka na kaptula. Mama wee! Senene! Ukuta wa kijani! Majani, nguo kwenye kamba, taa ya mlangoni, hadi gurudumu la pikipiki ya jirani. Hapa Mwanza huwa tunaletewa na basi kutoka nyumbani, wameshakauka, watu wanagawana kwa kijiko. Leo wamekuja wenyewe mlangoni kwangu, wazima, wanene!

Nikachukua ndoo. Nikachukua ya pili. Nilicheka kama mtoto. Niliimba ule wimbo wa bibi wa kuita senene. Mtaa mzima ulikuwa nje, Wahaya wanakimbia, Wasukuma wanatushangaa. Nikamwona dada Getruda amesimama kwenye uzio, na khanga yake, hana ndoo. Nikamwita. Dada, njoo, utakosa!

Hakusogea. Akaniuliza hao ni nini. Nikamwambia kwa furaha yangu yote, ni senene!

Akauliza, na senene ni nini, Florian?

Ndoo ikanidondoka.

Naapa haikunijia kwamba senene ni ndugu wa nzige. Mhaya gani akisema nzige anafikiria senene? Nzige ni balaa, senene ni mboga! Hivi vitu havikai kwenye kabati moja. Nilijaribu kumweleza. Alikuwa ameshaondoka. Anarudi kumwandaa mwanawe.

Ijumaa, 22 Novemba

Siku ya aibu kuliko zote. Naiandika kwa mpangilio ili isinisumbue kichwani.

Kwanza ndoo. Annet alifungua duka jana mimi nikiwa nimejifungia chumbani. Ndoo zote zimekwisha, beseni zimekwisha, hata vile vikopo vya kuogea. Mtaani wanasema Florian alihubiri nzige ili auze ndoo. Watoto wananiita Nabii Ndoo. Nimepita na kofia, wakaitambua kofia.

Pili jumuiya. Dada aliita watu wote nyumbani kwake ili waagane. Ndiyo, waagane! Nguo nyeupe, kitambaa kichwani, nyumba imefagiwa. Jovitha hayupo sebuleni, ati yuko jikoni. Nikasimama. Nikafungua sura ya tisa. Nikawaambia ndugu zangu, nzige wa Ufunuo wana taji, wana nyuso za watu, nywele za wanawake na meno ya simba. Nikatoa senene mmoja mfukoni niwaonyeshe kwamba hana. Akaning'ata kidole! Nikapiga ukelele. Yule bibi wa mapambio akalia, ana meno, ana meno! Watu wakaanza kupiga magoti.

Ndipo Jovitha akatoka jikoni na sinia. Kakaanga. Kitunguu, chumvi, wamekauka vizuri, harufu inajaa nyumba. Akapiga goti kama mila inavyotaka, akamkaribisha kila mkubwa. Alipofika kwangu akasema taratibu, karibu hukumu, mjomba, ukiona haijakolea nitaongeza chumvi.

Byabato akachota wa kwanza. Mwinjilisti Paulo akafuata, akasema Yohana Mbatizaji alikula nzige na alikuwa nabii wa kweli. Neno lile, wa kweli, alilivuta. Mikono ikaanza kwenda kwenye sinia. Bibi naye akachota, meno au hakuna meno.

Dada Getruda hakula. Akanitazama mimi. Akaniuliza mbele za watu, Florian, wewe ulikuwa unayajua haya unayotufundisha? Nikasema nilikuwa nahisi, dada. Nyuma yangu Annet, mke wangu wa ndoa, akasema hajui lolote huyo, alikasirikia maturubai.

Ilisikika jinsi watu wanavyotafuna.

Ningefurahi kama dada angenipiga. Hakunipiga. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Akasema wiki nzima hii amelala na Jovitha kitanda kimoja, akimfundisha jinsi ya kufa bila kuogopa, badala ya kumfundisha mambo ya ndoa. Mtoto alimuuliza kama marehemu baba yake atamtambua. Kwa sababu ya maturubai, Florian.

Nikaangalia zulia. Nikaona mguu wa senene umenasa pale. Nikautazama huo mpaka watu wakaondoka.

Jumapili, 24 Novemba

Harusi iko palepale, Jumamosi. Nilienda kwa dada na mkungu wa ndizi kuomba msamaha. Nikalia kweli, siyo kwa kuigiza. Akasema amenisamehe, lakini niape kwamba sitamfafanulia mtu yeyote unabii tena. Nikaapa. Akaniambia niweke mkono juu ya Biblia. Nikaweka. Byabato amenipigia simu mwenyewe, kwa heshima, kuniuliza maturubai yamefikia wapi. Nimesema yako tayari. Nimeona aibu zaidi kuliko kama angenitukana.

Jumamosi, 30 Novemba

Jovitha ameolewa. Gauni lina mikono yote miwili. Nkwabi alimshika kama mtu aliyebeba yai. Ng'ombe hawakutajwa. Dada Getruda amecheza hadi kitambaa kikamdondoka kichwani, na alipopita karibu yangu alinivuta mkono tukacheza wote. Nilificha machozi kwenye leso. Nimesema moyoni, Florian, umesamehewa na mtu mzima, basi kaa na hiyo, nyamaza, ufe nayo.

Mvua kubwa ilishuka saa ya keki. Maturubai hayakuvuja hata tone! Nilizunguka kila kona nikiyatazama. Hakuna aliyesema lolote kuhusu maturubai. MC aliwashukuru wapishi, wapambaji, wapiga picha, mwenyekiti Byabato akapigiwa makofi amesimama.

Nikiwa nimeinama nakaza kamba, mama yake Nkwabi akaja. Mama mzima, mkarimu, ameshikilia khanga yake. Shikamoo mama. Marahaba baba. Akasema amesikia kwamba mimi ni mtu wa Maandiko. Akaniuliza, taratibu, kama ngurumo hizi siku ya harusi zina maana yoyote, kwa sababu amezihesabu na zimefika saba.

Nikamtazama dada Getruda, anacheka na wageni. Nikamtazama Jovitha. Nikaukumbuka mkono wangu juu ya Biblia. Jibu lilikuwa neno moja, nilikuwa nalo kabisa ulimini. Hapana, mama. Mvua tu.

Byabato akapigiwa makofi tena.

Nikamvutia mama kiti. Nikamwambia kaa hapa, mama, karibu na nguzo, wasitusikie. Ngurumo saba hizo ziko sura ya kumi.