Ndege Haichimbi Dawa

Redio ya Bi Mwantum, muuza kahawa wa Barabara ya Tano, ilikuwa imetangaza: kampuni binafsi imeanza kurusha ndege kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, safari ya saa moja.

"Saa moja?" Mzee Bartolomayo, gadi mstaafu wa treni waliyemwita Reli, akaacha kutafuna kashata. "Tangu soko liwe huria, hata uongo unauzwa rejareja."

Lameck hakucheka. Ndege hiyo ilikuwa inamleta baba yake Ritha, mzee asiyemjua hata kwa picha, anayekuja kumpima kabla ya kujibu posa ya binti yake. Sharti lilikuwa moja: Lameck amkute uwanjani, ampokee begi kwa mikono miwili.

"Iliruka saa tatu. Sasa inakaribia saa nne. Niende?"

"Ukaanikwe juani?" Reli akasema. "Treni inakula usiku mzima, basi linakula kutwa. Ndege tuipe nusu kutwa."

Eliakimu, karani aliyejipa cheo cha Spika kwa sababu hapo hakuna aliyeongea bila ruhusa yake, akainua kidole. "Kiti kinafafanua. Morogoro lazima isimame, watu wachimbe dawa."

"Angani?"

"Kwa hiyo mheshimiwa anataka baba mkwe abanwe na mkojo mpaka Dodoma?"

Lameck, kijana wa moto asiyekubali kushindwa hoja, akarudisha kikombe mdomoni. Hakutaka kuonekana hamjali mzee.

Mara ndege ikapita juu ya mabati, magurudumu nje. Lameck akasimama.

"Kaa," Spika akaamuru. "Hiyo ya wamisionari, inatoka Mpwapwa."

"Mbona ina maandishi ubavuni?"

"Aya za Biblia."

Akakaa.

Kahawa ya pili ilikuwa haijapoa alipotokea mzee wa koti la kaki, kwa miguu, begi jekundu mkononi; uwanja wenyewe uko mlangoni mwa mji. Wote wakampa shikamoo, wakamsogezea benchi, Bi Mwantum akampa kahawa. Akaliweka begi chini. Lameck, kwa kukosa meza, akatua kikombe chake juu yake.

"Mnamngoja mtu?" mgeni akauliza.

"Mkwe wa huyu," Reli akajibu. "Yuko angani. Sasa hivi atakuwa Gairo, ananunua vitunguu."

"Na akifika asikute mtu?"

Kijiwe kizima kikamtazama Lameck. Kifua kikamjaa.

"Atangoja, mzee wangu. Mimi silambi miguu ya mtu. Mwenye binti ndiye mwenye haraka!"

"Kiti kinaunga mkono," Spika akasema.

Mgeni akamaliza kahawa yake taratibu, akafuta mdomo.

"Ritha aliniambia kijana ana maneno. Subira hii hakuitaja."

Reli akaanza kuchunguza kucha zake. Lameck akainuka.

"Shikamoo, baba."

"Ulishaniamkia."

"Nikupokee begi."

"Ulishalipokea. Kikombe chako hicho."

Lameck akakiondoa, akalifuta begi kwa mkono wa shati lake la posa. Doa la kahawa likatanuka.

"Na jibu, baba?"

"Nitalituma."

"Kwa ndege?" Spika akadakia.

"Kwa treni," mzee akasema, akibeba begi lake mwenyewe. "Na ichimbe dawa kila kituo."

Reli akamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mnaona? Watu wazima bado wanaiamini treni."